Ukishajisikia nafuu ndipo TB inapokupima

Niliugua TB nikiwa naishi Mabatini, hapa Mwanza, na nikapona. Watu wakiniuliza nilivumiliaje, wanafikiria ule mwanzo: kukohoa usiku kucha, jasho la kulowesha shuka, kukonda hadi nguo zinapwaya. Mwanzo unauma, lakini ugonjwa wenyewe unakusukuma umeze dawa. Kazi inakuja ukishapata nafuu.

Dozi ya kawaida ni miezi 6. Miezi 2 ya kwanza unameza dawa nne kwa pamoja, halafu miezi 4 zinabaki mbili, rifampisini na isoniazidi. Wiki chache tu homa inakata, ugali na sato vinapanda tena, unaanza kuwaza kurudi sokoni Mwaloni kwenye dagaa zako. Hapo ndipo wengi wanaacha. Vimelea vilivyobaki ni wale wagumu wanaokufa polepole, na ukiwapa nafasi wanaweza kurudi wakiwa sugu.

Kwa hiyo usitegemee moyo wako peke yake, tafuta msimamizi wa dawa. Na usimchague anayekuonea huruma sana. Wangu alikuwa wifi yangu. Asubuhi kabla sijanywa hata chai alikuwa ameshafika na kikombe cha maji.

"Wifi, meza nione."

"Tumbo linanichafuka, wifi."

"Pole. Meza."

Haondoki hadi nifungue mdomo aone hakuna kitu chini ya ulimi. Kuna asubuhi nilimchukia kabisa. Leo namwombea dua.

Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa au mwekundu usishtuke, ni rifampisini. Ila macho yakiwa ya njano, ukianza kuona ukungu, au miguu ikafa ganzi, nenda kituoni siku hiyohiyo. Huko si kudeka. Pombe iache, ini lina kazi ya kutosha. Na wanawake wenzangu, kama mnatumia vidonge vya uzazi wa mpango au kijiti, semeni kliniki, kwa sababu rifampisini inapunguza nguvu yake.

Kupanda mlima kulinichosha kuliko yote. Wanaoishi kule juu kwenye mawe wanajua: ndoo ya maji kichwani, ngazi hazina mpangilio, pumzi imekata. Nilikuwa nakaa kwenye jiwe, napumua, napanda kidogo, nakaa tena. Wapita njia wanasema "jikaze". Waitikie, endelea kukaa. Mapafu yaliyoumia yanachelewa kurudi, na kwa wengine pumzi inabaki fupi hata baada ya dozi kuisha.

Kilichoniumiza rohoni ni kutengewa kikombe na sahani katika nyumba niliyoizoea. TB inasafiri kwa hewa, mtu akikohoa. Haikai kwenye sahani wala kijiko. Fungueni madirisha, mgonjwa azibe mdomo, kisha mle pamoja naye. Mtu anayekula peke yake pembeni ndiye anayeacha dawa.

Ukipata safari ya Ukerewe au visiwani kwenye uvuvi, pita kliniki kwanza na kadi yako wakupe dawa za kutosha, ni bure. Na kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 5, nenda naye akachunguzwe. Akikutwa hana TB, wanampa dawa ya kinga.