Waifai kwenye vyumba 12 vya nyumba ya Mji Mkongwe

Ndugu yangu, umesema nyumba yako ya wageni hapo Mji Mkongwe, Zanzibar, ina vyumba 12, na fundi anataka kufunga visambazaji viwili tu vya waifai ukumbini. Usikubali! Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unafika nusu mita. Mawimbi ya waifai ya gigahezi 5, yale ya kasi zaidi, yatafika kitandani hayana nguvu tena.

Kila chumba kipate kisambazaji chake kidogo cha ukutani, nguvu ya kurusha ipunguzwe. Kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4 tumia chaneli (njia za mawimbi) 1, 6 na 11 pekee, na vyumba jirani visitumie chaneli moja. Usikifiche kisambazaji nyuma ya televisheni wala kioo.

Kazi kubwa ni waya. Kila kisambazaji kinataka waya wake wa mtandao, usiozidi mita 100, mpaka kwenye swichi ya mtandao (kisanduku cha kuunganisha nyaya hizo) inayopeleka na umeme kwenye waya huo huo. Upitishe kando ya boriti, mbali na nyaya za umeme. Kabla ya kutoboa ukuta wowote, omba ruhusa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji huo ni urithi wa dunia tangu 2000.

Anza na chumba kimoja. Funga mlango, kaa kitandani na simu, upime kasi.