Seyyid Said alifia baharini, mbona kaburi liko mjini?

SWALI: Assalaam alaykum. Chuoni tulisomeshwa kuwa mtu akifia chomboni hutoswa. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, twaambiwa alifia baharini, na papo hapo twaonyeshwa kaburi lake Unguja mjini. Wengine husema alifia Mtoni. Lipi la kushika?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Mtoni alikuwa na kasri, lakini hakufia huko. Kaburi ni lake kweli, liko Makusurani, ubavuni mwa Beit al-Sahel, kasri la masultani la pwani ya mji.

Aliondoka Muscat tarehe 15 Septemba 1856 kwa meli yake, Victoria. Mwezi huo kusi bado inavuma, na kuja Unguja ni kupiga bisho. Majahazi husubiri kaskazi ya Desemba. Njiani jeraha la zamani la mguu lilimsumbua, kisha akashikwa na tumbo la kuhara damu. Alifariki tarehe 19 Oktoba, yaani 19 Mfungo Tano 1273, karibu na Shelisheli, akiwa na miaka 65.

Mwalimu wako hakukosea, ila hukumu ina sehemu nyingine. Maiti wa baharini huoshwa, hukafiniwa na kusaliwa kama wa nchi kavu. Kisha hutazamwa: ikiwa pwani itafikiwa kabla hajaharibika, husubiriwa azikwe ardhini. Isipowezekana ndipo hutoswa. Kwa Mashafi hufungwa baina ya mbao mbili ili maji yampeleke pwani, huenda Waislamu wakamwona wakamzika. Asipotarajiwa kuwafikia Waislamu, hufungiwa kitu kizito azame.

Kutoka Shelisheli hadi Unguja ni kama maili 970 za baharini. Meli ilifika tarehe 25, siku sita, na kwa joto letu siku sita kwa maiti ni nyingi mno. Lakini jeneza lilikuwepo. Binti yake, Salme, ameandika kwamba Seyyid mwenyewe aliagiza mbao zipakiwe tangu Muscat, akakataza asitoswe.

Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye melini, alimshusha baba yake kwa siri akamzika usiku ule ule, wa kuamkia tarehe 26. Haraka hiyo wengi huidhania ni ya kumsitiri maiti tu. Salme anaeleza jingine: desturi ilikuwa ugomvi wa kurithi kiti uamuliwe mbele ya maiti. Maiti akishazikwa, baraza hilo halipo tena. Barghash alijaribu kushika kasri la Mtoni na ngome ya mjini, akakosa watu wa kutosha. Khalid, aliyekuwa mkubwa wa wana wa Seyyid huku Unguja, alikwisha kufa mwaka 1854, basi zamu ilikuwa ya ndugu yao Majid. Alitangazwa tarehe 28 Oktoba. Barghash alingoja hadi 1870.

Ukenda Makusurani utaona kuta za jengo lisilomalizika. Msizihesabu katika magofu ya mizinga ya Waingereza ya 1896, kama tusikiavyo mara nyingi. Ni kuba ambalo Majid alianza kumjengea baba yake, likaachwa kwa sababu masheikh wa Kiibadhi, madhehebu ya masultani hao, walipinga kaburi kujengewa. Majid na Barghash nao wamezikwa uwanja huo huo.