Uliza Ujibiwe: Dikteta alishindwaje kura aliyoiitisha mwenyewe?

SWALI: Mhariri shikamoo. Huwa nasikia Pinochet wa Chile aliondolewa kwa kura, sasa hapo ndo sielewi. Mtu ana jeshi, ana polisi, ana tivii, anaitishaje kura halafu anashindwa? Si angeiba tu? Na baada ya hapo alifungwa? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Marahaba. Kwanza hakuitisha kwa kupenda demokrasia, tusimpambe. Pinochet alimpindua Rais Salvador Allende tarehe 11 Septemba 1973, ndege za jeshi zikapiga mabomu ikulu ya La Moneda, na Allende akafia humo humo ndani. Watu zaidi ya 3,000 waliuawa au kupotezwa miaka ile, wengine maiti zao hazijaonekana hadi leo. Mwaka 1980 akajitengenezea katiba ya kumpa uhalali, na humo ndo alipojitegea mtego mwenyewe, maana iliandikwa kwamba baada ya miaka minane wananchi waulizwe kama wanamtaka mgombea wa junta (yaani makamanda wa majeshi na polisi waliokuwa wanatawala pamoja naye) aendelee miaka mingine minane, ndiyo au hapana. Nani alidhani watasema hapana?

Wapinzani wakaungana, wakapewa dakika 15 za tivii kila usiku, na badala ya kulia tu wakaleta upinde wa mvua na wimbo wa furaha, wazee wa siasa wengine wakanuna kwamba huu ni utani juu ya makaburi. Ila ulifanya kazi bwana.

Sasa kuiba. Usiku wa tarehe 5 Oktoba 1988 serikali ikatangaza matokeo ya vituo vichache yakionyesha NDIYO inaongoza, halafu kimya, masaa yanakatika. Wakati huo wapinzani walishakuwa na mawakala vituoni na hesabu zao pembeni, kwahiyo kudanganya kulikuwa kugumu. Usiku wa manane makamanda wa junta wakaitwa ikulu, na Jenerali Matthei wa jeshi la anga alipokuwa anaingia akawaambia waandishi wa habari kwamba kwake iko wazi, HAPANA imeshinda. Yani kabla hata ya kikao! Ndani Pinochet akataka mamlaka ya dharura, wenzake wakagoma. Mimi naona hapo ndo alipoishia kweli, kura zilimshinda ila waliomfungia mlango ni wenzake wa magwanda. HAPANA ikapata karibu asilimia 56.

Kufungwa? Hapana ndugu yangu. Alimkabidhi urais Patricio Aylwin Machi 1990 lakini akabaki mkuu wa jeshi mpaka 1998, kisha akaingia bungeni kama seneta wa maisha, katiba yake ilimruhusu. Mwaka huo huo akaenda London kutibiwa mgongo, akakamatwa huko kwa hati ya jaji wa Hispania, Baltasar Garzón, akazuiliwa mpaka Machi 2000 aliporudishwa kwao kwa sababu za afya. Kesi zikaendelea nyumbani, akafa Desemba 2006 bila kuhukumiwa hata moja.

Na katiba yake? Imerekebishwa sana lakini bado ipo. Mwaka 2020 asilimia 78 walitaka mpya, ikaandikwa moja wakaikataa 2022, ikaandikwa nyingine wakaikataa nayo 2023.