Barua za wasomaji: Kuhamia pwani ya Yucatán, Meksiko

*Shangazi, mimi na mume wangu tuna miaka 26 Mississauga, Kanada. Kwetu ni Mombasa. Yeye amestaafu, mimi nastaafu mwakani. Januari tulikaa Progreso wiki mbili, na mzee amerudi na neno moja tu: tununue nyumba mchangani kabisa, mawimbi yakipiga mlangoni. Wewe unaishi huko. Maisha ya kila siku yakoje, na je, tununue? – Mama wa watatu, Mississauga*

Dada yangu, mlikuja mwezi ambao mji huu umevaa nguo zake za sikukuu. Januari Wakanada wenzenu wamejaa, meli za watalii zinafunga mwisho wa lile gati lenye zaidi ya kilomita 6, na barabara ya ufukweni, wenyewe wanaiita malecón, imejaa wauza shanga na madafu. Njooni tena Mei, wakati kuta zinabaki na joto hadi usiku wa manane. Kisha mkae mwone Septemba. Msimu wa vimbunga unaanza 1 Juni hadi 30 Novemba, na wazee wa mtaani kwangu bado wanahesabu miaka kwa Gilbert wa 1988 na Isidore wa 2002. Pangeni nyumba mwaka mzima kabla ya kununua hata kitasa.

Na nyumba ya mchangani, mwambie shemeji, inaliwa. Chumvi inakula bawaba, inakula friji, inakula feni. Rangi ya ukuta inavimba na kupukutika kama unga, wanaita salitre. Majira ya baridi unavuma upepo wa kaskazini, el norte, siku mbili tatu mfululizo, na mchanga unaingia hadi kwenye sukari. Sisi tulianza na nyumba ya mstari wa kwanza. Mwaka wa pili tukahamia nyuma, mtaa wa nne kutoka baharini. Bahari naifikia kwa miguu dakika sita, na friji yangu ni ileile hadi leo.

Kuhusu kununua, sheria ijueni kabla hamjamsikiliza dalali. Kifungu cha 27 cha katiba ya Meksiko kinamkataza mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 50 kutoka baharini. Hata Mérida, mji mkuu wa jimbo letu, ulio kilomita 35 hivi ndani, imo kwenye ukanda huo. Njia halali kwa nyumba ya kuishi ni fideicomiso: benki inashika hati kwa niaba yenu, na ninyi mna haki ya kuishi, kupangisha, kuuza na kurithisha. Mkataba ni wa miaka 50, unahuishwa, na benki inadai ada kila mwaka. Ogopeni sana kiwanja cha ejido, yaani ardhi ya ushirika wa wakulima. Bei yake inavutia, lakini kabla haijabadilishwa rasmi kuwa mali ya mtu binafsi, mgeni hawezi kuinunua, hata aoneshwe karatasi zenye mihuri kumi. Tafuteni notario wenu wenyewe. Huyo si wakili wa kugonga muhuri wa kiapo kama tulivyozoea. Ni mwanasheria mkubwa aliyeteuliwa na serikali, na bila yeye hakuna hati. Halafu mchanga wenyewe, mita 20 kutoka maji yanapokomea, ni mali ya taifa. Watoto wa mtaani watacheza mpira mbele ya baraza yenu, na ni haki yao.

Ya ndani ya nyumba nitayasema haraka. Maji ya bomba ni ya kuoga na kufulia. Ya kunywa huja kwenye madumu ya lita 20, garrafón, na muuzaji anapita akipiga kelele kama muuza samaki wa kwetu. Bili ya umeme huja kila miezi miwili na ina ruzuku, ila wastani wenu wa mwaka ukivuka kiwango, mnahamishiwa daraja la watumiaji wakubwa na ruzuku yote inaondoka. Washeni kiyoyozi chumba cha kulala tu. Kwa homa ndogo, daktari yupo kwenye chumba kilicho ubavuni mwa duka la dawa, na bei yake ni nafuu. Kwa jambo zito ni Mérida.

Lakini dada, hayo yote mtayajua ndani ya miezi mitatu. Linalonikera rohoni ni lingine. Miezi yangu minane ya kwanza nilipita mbele ya jirani kila asubuhi bila kumsalimu. Mimi, mtoto wa Tanga! Niliona haya Kihispania changu kibovu, nikainamisha kichwa na kwenda zangu. Yeye alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akiniangalia. Baadaye sana aliniambia alidhani nimefiwa, kisha akadhani nawadharau. Wakanada na Wamarekani walionizunguka walikuwa na mikahawa yao, kanisa lao na mafundi wao wanaozungumza Kiingereza, nami nikajibanza humo kwa sababu ilikuwa rahisi.

Oktoba 2020 kimbunga Delta kilipokuwa kinakuja, marafiki zangu wa kahawa walikuwa wamerudi kwao kitambo. Mume wangu alikuwa Toronto. Nimesimama na mbao za madirisha, sijui niziegemeze wapi, mara nasikia langoni, "¡Buenas!" Hapa hiyo ndiyo hodi. Jirani na wanawe wawili, misumari mdomoni. Wakaziba madirisha yote, wakateremsha vyungu vya maua, wakanichukua nikalale kwao, kwenye bembea la nyuzi. Watu wengi hapa hulalia hayo, kulabu zake zimejengewa ukutani. Delta hakikutudhuru mtaani kwetu. Mimi sikulala usiku ule kwa aibu.

Tangu hapo nasalimu. Ukiingia dukani, ukipanda basi, ukikaa kwenye benchi la kusubiri daktari, unasema buenos días kwa wote waliopo, kama kwetu tu. Ukimpita mtu anakula, unamwambia provecho, yaani ule kwa raha. Niliposikia neno hilo likisemwa mlango hadi mlango nilikumbuka nyumbani, anayekula anavyomkaribisha kila apitaye, ila hapa mpita njia ndiye anayesema.

Jirani huyo ni mvuvi wa pweza. Msimu wao ni kuanzia 1 Agosti hadi 15 Desemba. Boti inaachwa ikokotwe na mkondo, nguzo mbili ndefu za mwanzi zimetokeza mbele na nyuma, na kaa wamefungwa kwenye kamba kuwa chambo. Hawatumii ndoana, pweza anamkumbatia kaa, naye anavutwa. Nilimweleza jinsi bibi yangu alivyotembea kwenye mwamba maji yakitoka, na kijiti chake, akichokoa mashimo. Akacheka hadi akakaa chini, kisha akaniuliza mapishi. Nikampikia pweza wa nazi.

Kwa hiyo mwambie mzee: kabla ya nyumba, Kihispania. Mna mwaka mzima wa kujifunza hapo Mississauga.

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, nafanyia kampuni ya nje kazi za mtandaoni nikiwa Arusha. Nimesikia mtu anakaa Meksiko siku 180, anavuka mpaka, anarudi anapewa nyingine. Ni kweli? – Kijana wa Njiro*

Marahaba mwanangu. Kwa pasipoti ya Tanzania unahitaji viza, isipokuwa kama una viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au ya nchi za Ulaya za Schengen. Siku 180 ndicho kikomo. Ofisa wa uwanjani ndiye anayeamua, anaweza kukuandikia 20, na ukishaingia haziongezwi. Nimewaona vijana waliojenga maisha juu ya kuvuka mpaka, na safari ya tatu wakapewa wiki moja. Usijifanyie hivyo. Omba viza ya ukaazi wa muda katika ubalozi wa Meksiko ulioko Nairobi, ukionesha mapato au akiba. Viwango hubadilika, waulize wao wenyewe. Ukishafika una siku 30 za kwenda idara ya uhamiaji kuchukua kadi. Ya kwanza ni ya mwaka mmoja, kisha unaongeza hadi miaka minne itimie, na hapo unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Kumbuka pia kwamba tuko nyuma ya Arusha kwa saa tisa. Mkutano wa saa tatu asubuhi ya huko, wewe huku ni saa sita usiku.

*Mama, sisi ni wa Lubumbashi, tunaishi Phoenix. Tutakuja Yucatán miezi mitatu. Unga wa bukari, yaani ugali, tutaupata? Na tubebe nini? – Mama Kasai*

Dada, mahindi yamejaa, lakini unga wa dukani ni wa tortilla. Mahindi yake yamechemshwa kwanza kwenye maji ya chokaa, na ukiusonga unanata kama gundi na kuonja chokaa hiyo. Nimejaribu mara nyingi, sijaupatia. Bebeni kilo zenu. Muhogo upo, ndizi za kupika zipo, maharage meusi kila mahali, ukwaju wanautengenezea kinywaji, na embe bichi wanalila kwa chumvi na pilipili. Pilipili yao ya habanero ionjeni kwa ncha ya kisu.

Nazi zipo tele, ila mbuzi ya kukunia sijaiona dukani. Yangu niliileta kutoka Tanga, nimeifunga kwenye kanga mbili. Mwisho wa Oktoba haikai nyumbani. Ni wakati wa Hanal Pixán, chakula cha roho kwa Kimaya, kila nyumba inawaandalia marehemu wake meza, na jirani huja kuiazima akune nazi ya kutengenezea kashata ya mama yake.