Kwa Wanaoanza Kazi ya Matengenezo ya Rolakosta: Historia ya Texas Giant

Vijana wengi wanaoingia katika matengenezo ya mitambo ya burudani huja wakiwa wamekariri urefu na kasi za rolakosta mashuhuri, yaani treni za burudani zinazopanda na kuteremka kwa kasi relini, lakini ukiwauliza ni nini hasa huchakaa haraka katika ile ya mbao, hujibu kuwa ni nguzo. Aghalabu si nguzo, ni reli. Anzeni kuikagua hiyo.

Reli ya jadi hujengwa kwa mbao zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, kwa kawaida saba au nane, kisha juu yake hulazwa ukanda wa chuma ambao magurudumu hupita. Kila treni inapopita, ukanda huo huzikandamiza mbao, na mvua na jua huzidisha uharibifu. Nafasi kati ya reli mbili ikipanuka hata kidogo, behewa huanza kugonga upande huu na huu, na kila pigo huzidi kulegeza viungo. Ukipita na spana asubuhi kabla ya treni ya kwanza, dalili utaziona: kutu iliyochuruzika kutoka kwenye tundu la bolti, nati iliyojifungua, au ubao uliong'aa mahali ukanda ulipousugua.

Hayo ndiyo yaliyoipata Texas Giant, rolakosta ya mbao iliyofunguliwa mwaka 1990 katika bustani ya Six Flags Over Texas mjini Arlington, Marekani, ikiwa na kimo cha mita 44 hivi. Mwanzoni ilisifiwa sana, lakini kadiri miaka ilivyopita ikazidi kutikisa abiria, ingawa mafundi hawakuacha kubadilisha mbao. Ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2009. Kampuni ya Rocky Mountain Construction ya jimbo la Idaho, pamoja na mhandisi Alan Schilke, haikuibomoa yote. Iling'oa reli, ikabakiza sehemu kubwa ya kiunzi cha mbao, na juu yake ikafunga reli mpya ya chuma.

Reli hiyo, iitwayo I-Box, inastahili kusomwa kwa utulivu. Bamba bapa za chuma hukatwa kwanza kwa kufuata mkunjo unaotakiwa, ndipo huchomelewa pamoja kufanya umbo la herufi I, tofauti na reli ya bomba ya rolakosta nyingi za chuma, ambayo lazima ipindwe kwa nguvu. Kwa njia hiyo reli inaweza kusokotwa na kulaza treni ubavu kupita digrii 90, jambo ambalo tabaka za mbao zisingelimudu kirahisi. Ilipofunguliwa tena Aprili 2011, kwa gharama ya dola milioni 10, mteremko wake wa kwanza ulikuwa na mwinamo wa digrii 79. Rolakosta nyingine za mbao zilifuata njia hiyo: Rattler ya San Antonio mwaka 2013, Colossus ya California mwaka 2015, kisha Mean Streak ya Cedar Point, Ohio, iliyorudi mwaka 2018 kwa jina la Steel Vengeance, ikipindua abiria mara nne.

Mashabiki hubishana kama mitambo hiyo bado ni ya mbao. Ubishi huo haunishughulishi, kwa kuwa fundi analazimika kukagua vyote: nyufa kwenye vichomeleo, na uozo kwenye miguu ya nguzo. Tena mikunjo mipya huelekeza nguvu mahali ambapo kiunzi cha zamani hakikukusudiwa kuzibeba, na ndiyo sababu baadhi ya nguzo huimarishwa au kubadilishwa kabla reli haijafungwa.

Wala ukaguzi usiishie relini. Mnamo Julai 2013 abiria mmoja wa Texas Giant mpya alianguka kutoka kitini akafariki. Mtambo ulifungwa, na uliporudi kazini Septemba, vizuizi vya viti vilikuwa vimerekebishwa na mikanda imeongezwa. Kwa hiyo kila asubuhi shika kila kizuizi kwa mikono miwili, kivute juu, na usiandike kwamba kimefunga mpaka uwe umekivuta wewe mwenyewe.