Anza na kitabu, dada

Dada, umeuliza uanze na riwaya ya Vuta N'kuvute au filamu yake. Anza na riwaya. Adam Shafi anakupa muda wa kukaa na Yasmin tangu anapoozwa kwa mzee Raza, hadi umjue Mwajuma kama jirani yako mwenyewe. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 imebana mengi, na lazima ibane, ila Unguja ya miaka ya 1950 imependeza mno.

Mimi wa huku Mwanza nina kiu nyingine: kuona riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ikifanywa filamu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili 1980. Hebu fikiria pale wakwe wanapomchukua binti yao Bugonoka kwa sababu anasimangwa kuwa hajazaa, na Myombekere anahangaika kupika pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe! Hiyo peke yake ni nusu saa ya filamu. Na wakiicheza, tafadhali wasiipeleke Dar. Wavuke na feri hadi Nansio, huko huko Ukerewe, migomba ipo, mitumbwi ipo, na wazee wa kuwasahihisha Kikerewe wapo.