Rafiki Aliyeniapisha kwa Msahafu Nifiche Kwamba Anataka Kujiua

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullah, sheikh wetu. Mimi ni binti wa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Kitanda chetu ni cha dabodeka, mimi nalala chini na rafiki yangu juu. Wiki iliyopita, baada ya prepo (kujisomea usiku), aliniambia amechoka na anataka kujiua, kisha akanishikisha Msahafu na kuniapisha Wallahi sitamwambia mtu yeyote. Tangu siku hiyo hali vizuri, usiku halali, swala ameacha, na ameanza kuwagawia watu vitu vilivyomo kwenye tranka lake. Naogopa kuvunja kiapo. Naogopa kuwa mnafiki, maana tumefundishwa kwamba kuhini amana ni alama ya unafiki. Tena naogopa shule ikijua itamfukuza. Baadhi ya wenzetu wanasema ana jini na tumsomee wenyewe bwenini. Je, nikisema nitapata dhambi? Na kafara yake, yaani fidia ya kuvunja kiapo, ni nini?

JAWABU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, dalili zitakuja, lakini kwanza nenda kwa matroni leo hii umwambie. Usingoje kafara, usingoje Ijumaa, wala usianze kumwomba rafiki yako ruhusa. Mtu aliyetamka kwamba anataka kufa, kisha akaanza kugawa vitu vyake, yumo katika hatari kubwa, na hatakiwi kuachwa peke yake hata usiku mmoja. Mpaka mtu mzima ashike jambo hili, akienda bafuni au kuanua nguo, mmoja wenu afuatane naye. Hupati dhambi kwa kusema. Dhambi inahofiwa kwa anayejua, anaweza kusema, kisha akanyamaza.

Sasa kiapo. Umeapa kwa Mwenyezi Mungu na kwa Kitabu chake, kwa hiyo kiapo kimefungika. Lakini umeapa kuacha jambo la wajibu, nalo ni kuokoa nafsi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, wameandika wazi kwamba aliyeapa kuacha wajibu analazimika kukivunja kiapo chake na kutoa kafara. Msingi wake ni hadithi ya Abdurrahman bin Samura katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim: ukiapa kiapo, kisha ukaona jambo jingine ni bora kuliko hilo, fanya lililo bora na utoe kafara ya kiapo chako. Na katika Suratul Baqara, aya ya 224, Mwenyezi Mungu anakataza jina lake lisifanywe kizuizi cha kutenda mema kwa sababu ya viapo. Kwa hiyo hukumdharau Mola wako kwa kukivunja. Yeye ndiye aliyekuamrisha ukivunje.

Kuhusu unafiki, hadithi ya alama tatu za mnafiki, mojawapo ikiwa ni kuhini amana, ni sahihi, na nimefurahi kwamba inakutia hofu. Ni kweli pia kwamba mazungumzo ya faragha ni amana. Imepokewa katika Abu Daud na Tirmidhi kwamba mtu akizungumza huku akigeuka kutazama kama kuna anayemsikia, maneno yake hayo ni amana. Basi tazama, amana uliyobeba ni mbili: maneno ya rafiki yako na uhai wake. Uhai ndio mkubwa, na wala si mali yake yeye wala yako. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 29: wala msijiue, hakika Mwenyezi Mungu ni Mwenye kukurehemuni. Na katika Suratul Maida, aya ya 32, mwenye kuokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Mwanachuoni Imam Nawawi ametaja hali sita ambazo inaruhusiwa kumsema mtu asiyekuwepo, na miongoni mwake ni kutafuta msaada wa kuondoa ubaya na kuwatahadharisha watu na madhara. Lako limeingia humo moja kwa moja.

Lakini ruhusa hiyo ina mpaka, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Umeruhusiwa kumwambia anayeweza kusaidia, kwa kadiri ya msaada unaohitajika, basi. Kumwambia matroni ni wajibu. Kuwaambia wasichana wa bweni la pili ni kusengenya, hata ukianza kwa kusema "mumwombee dua". Ikiwa amekusimulia pia mambo ya nyumbani kwao au ya mvulana fulani, hayo yabaki kwako, ila likiwa ni jambo la kumdhuru, kama kupigwa, kuingiliwa au kutishwa na mtu. Hilo nalo lazima liwafikie watu wazima.

Ukifika kwa matroni usizunguke. Sema hivi: "Mama, fulani ameniambia anataka kujiua. Aliniambia siku fulani, baada ya prepo. Tangu hapo hali, halali, na anagawa vitu vyake. Naomba asiachwe peke yake." Taja ulichosikia, siku uliyosikia na ulichokiona, bila kuongeza tafsiri yako. Wengi huenda wakasema tu "mwenzetu hayuko sawa siku hizi", mwalimu akadhani ni homa au mambo ya mitihani, akampa ruhusa ya kulala bwenini, yaani akamwacha peke yake mahali pasipotakiwa kabisa. Na ikitokea matroni akasema anajidekeza, wajibu wako haujaisha. Siku hiyo hiyo nenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha, kisha kwa makamu mkuu au mkuu wa shule. Nambari ya huduma kwa mtoto, 116, hupigwa bure Tanzania na Kenya pia. Najua simu haziruhusiwi mabwenini, basi mwombe mwalimu unayemwamini akupigie. Kama rafiki yako ana kitu cha kujidhuru nacho au amesema atafanya usiku wa leo, mwambie matroni jambo hilo kabla ya jingine lolote, maana hapo safari ya hospitali haingoji asubuhi.

Rafiki yako mwenyewe umwambie nini? Usiogope kumuuliza waziwazi kama bado anafikiria kujiua. Wataalamu, likiwemo Shirika la Afya Duniani, wanasema kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na mara nyingi humpa nafuu kwa kuwa amepata wa kumwambia. Kisha msikilize. Usimwambie "mbona una kila kitu", wala usimsomee aya za adhabu. Katazo la kujiua ni zito na halina mjadala, lakini kumtisha kwa moto mtu ambaye ameshaona moyo wake unawaka humfunga mdomo tu, na akifunga mdomo mmempoteza. Mkumbushe kwamba Bibi Maryam, katika uchungu wake, alisema laiti angekuwa amekufa kabla ya hayo (Suratu Maryam, aya ya 23), na Mola wake hakumkemea. Aliitwa asihuzunike, akaonyeshwa maji ya kunywa na tende za kula. Naye Nabii Yaaqub macho yake yaliingia weupe kwa huzuni, naye ni Nabii. Kwa hiyo wanaosema kwamba mwenye imani hapatwi na sonona (ugonjwa wa huzuni kali) wamekisoma Kitabu nusu.

Mtume (S.A.W.) alikataza mtu asitamani mauti kwa dhara lililomfika, na akamfundisha, ikiwa hana budi, aseme: Ewe Mola, nihuishe maadamu uhai ni kheri kwangu, na unifishe ikiwa kufa ni kheri kwangu. Imo katika Bukhari na Muslim, kwa Anas. Dua hiyo inafaa sana kwake, kwa sababu haimlazimishi kujifanya ana furaha, na inalirudisha jambo la kufa kwa mwenye nalo. Isomeni pamoja, kwa sauti ya chini. Mpelekee pia chakula. Bibi Aisha alikuwa akiagiza talbina, uji wa shayiri, kwa wagonjwa na wafiwa, na akipokea kwa Mtume kwamba huutuliza moyo wa mgonjwa na huondoa baadhi ya huzuni. Uji wa asubuhi wa shuleni, ukiwa wa moto na mtu wa kunywa naye, si kitu kidogo. Kwa swala, msimsimange. Mwambieni tu "tunakwenda kuswali, twende", akikataa mmoja abaki naye.

Hili la jini nalisema kwa msisitizo. Kusoma ruqya, yaani kisomo cha kumwombea mgonjwa, ni sunna: Fatiha, Ayatul Kursiy, Ikhlas na Muawwidhatayn (sura za Falaq na Naas), akijisomea mwenyewe au akisomewa kwa utulivu na mtu wa karibu, na halina ubaya. Lakini nyinyi wanafunzi msikusanyike usiku kumsomea kwa kelele, kumshikilia, kumfukiza wala kumpiga. Shule za wasichana zinajua kinachofuata: mmoja akianza kupiga mayowe, wengine nao huanguka, bweni zima linachafuka, na yule mgonjwa anabaki na fedheha juu ya ugonjwa. Ruqya pia haiondoi haja ya tabibu. Hadithi ya Bukhari inasema Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia ponyo. Atapelekwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na ikihitajika atapewa rufaa kwa wataalamu wa afya ya akili wa hospitali ya mkoa au zaidi. Akiandikiwa dawa, ajue kwamba nyingi za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, kwa hiyo asiziache siku ya tano kwa kusema hazifanyi kazi, wala asizikatishe bila daktari akipata nafuu. Dawa hizo ashike matroni na kumpa dozi ya siku tu. Zisikae kwenye tranka. Na ikiwa Ramadhani itamkuta mgonjwa na daktari akasema funga itamdhuru, atakula na kulipa baadaye.

Nina neno pia kwa walimu na kwa amira (kiongozi wa wasichana) wa jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Mtoto huyu asitajwe mstarini wala asiombewe dua kwa jina msikitini. Asipewe adhabu kwa alilosema. Asihojiwe na walimu watano, mmoja atosha. Na kosa ninaloliogopa kuliko yote ni kumpandisha basi peke yake arudi kwao "akapumzike". Mzazi au mlezi aitwe, na akabidhiwe mkononi. Kabla ya kumwita, binti aulizwe ni nani nyumbani anayejisikia salama naye, kwa kuwa pengine kidonda chenyewe kimetokea huko. Ninyi mliokabidhiwa watoto wa watu mtaulizwa juu yao, na kumfukuza mgonjwa ili jina la shule libaki safi hakutakuwa jawabu mbele ya Mwenyezi Mungu. Pia wanafunzi wote wakiona kwamba aliyesema alifukuzwa, wa pili hatasema kamwe.

Tuje kwenye kafara yako. Imetajwa katika Suratul Maida, aya ya 89: kulisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku 3. Kwa madhehebu ya Shafi, kila maskini hupewa mkononi kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji, kama mchele au mahindi. Pishi ni vibaba 4, kwa hiyo vibaba 10 ni pishi 2 na nusu. Ukitoa gramu 750 kwa kila mmoja, jumla kilo 7 na nusu, umejitoa katika shaka. Wawe watu 10 kweli. Kumpa mtu mmoja vyote hakutoshi. Wanafunzi wenzako walio mafukara wanaingia humo. Wahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Hanafi, wanaruhusu thamani ya fedha, na pia kuwapikia milo miwili. Kama wewe huna ila cha matumizi yako ya shule, funga siku 3, na kwa Mashafi si lazima zifuatane. Kafara ya chakula inaweza kutangulizwa kabla ya kuvunja kiapo, ya funga haitangulizwi. Lakini wewe sema kwanza, uhai haungoji mchele. Kama alikuapisha mara kadhaa kwa jambo lilo hilo, kafara ni moja. Na kama ulikuwa bado hujabaleghe siku ulipoapa, huna kafara. Mzazi wako anaweza kukulipia kwa idhini yako, bila wewe kumsimulia siri ya rafiki yako. Inatosha kumwambia unadaiwa kafara ya kiapo.

Huenda rafiki yako akakukasirikia akijua umesema. Mwambie ukweli, kwamba wewe ndiye uliyesema na kwa nini, usimwache amshuku mwingine. Asipokusemesha kwa wiki au mwezi, msalimie kila asubuhi uendelee na mambo yako. Nawe uliyebeba haya peke yako wiki nzima, mwombe huyo mwalimu wa ushauri nasaha nafasi yako mwenyewe. Usingizi ukikupotea au ukajikuta unamlinda usiku kucha, mwambie matroni akupumzishe na zamu hiyo ishikwe na mtu mzima. Kumlinda si kazi ya mwanafunzi, wewe ulitakiwa kufikisha tu.

Wallahu a'lam.